Mizani ya Dagaa kwenye Karakana ya Magitaa

Gitaa lilirudi Igoma limefungwa kwenye khanga, kama mgonjwa. Nathaniel, kiongozi wa kwaya moja ya Kisesa, alililaza juu ya meza ya fundi Shigela aliyeliunda, akalifunua taratibu. Daraja lake, kile kibao kidogo kinachoshika nyuzi usoni pa gitaa, lilikuwa limebanduka katikati ya mazoezi na kumpiga mpigaji kidevuni.

"Fundi, sauti yake tunaipenda," alisema Nathaniel. "Ila mwisho wa mwezi kuna tamasha, na kwaya za Magu karibu zote zitakuwepo. Likibanduka mbele ya watu wale, sitakuwa na neno la kukutetea."

Shigela hakuhitaji kufafanuliwa. Kabla ya magitaa alikuwa akitengeneza vitanda na makabati, na wateja wote aliokuwa nao sasa walitumwa na kwaya moja kwenda nyingine. Aibu moja kwenye tamasha ingetosha kumrudisha kwenye vitanda.

Kosa alilijua. Alikuwa ameanza kutumia gundi mpya ya makopo mawili: moja la gundi yenyewe, jingine la kigumishi kinachoifanya igande. Maelezo yalisema kila gramu kumi za gundi zichanganywe na gramu nne za kigumishi. Yeye aliendelea kupima kwa kifuniko cha soda, kama alivyozoea kwa gundi ya zamani, na mchanganyiko ukabaki laini kama jojo iliyotafunwa. Jioni ile alimwambia mkewe, Justa, kwamba karakana inahitaji mizani.

Justa, kwa nia njema kabisa, alimpigia simu mama yake.

Mama Justa alikuwa akiuza dagaa mwaloni, soko la samaki kando ya ziwa, tangu Justa akiwa mgongoni. Asubuhi iliyofuata aliteremka kwenye bodaboda akiwa amepakata mizani ya kuning'iniza yenye ndoano nene na uso mpana kama sahani ya ugali. Shigela alivua kofia, akarudi nyuma hadi kwenye rundo la mbao za mninga, akainamisha macho. Katika malezi yake, mama mkwe haangaliwi usoni wala hasemeshwi ana kwa ana. Neno hupitia kwa mke, hata kama wote watatu wamesimama kwenye kivuli kimoja.

"Mwambie mume wako, mizani hii haijawahi kumpunja mtu," alisema Mama Justa.

"Mwambie mama, nashukuru sana," alijibu Shigela, akiziangalia ndala zake.

Justa, ambaye hakuwa na haja ya kurudia chochote, alitabasamu tu.

Mama alipoondoka, Shigela aliitundika mizani kwenye boriti na kuning'iniza kikopo chenye gundi kidogo. Mshale haukujisumbua. Alipochungulia vizuri aliona kwamba kutoka mstari mmoja hadi mwingine ni gramu mia mbili. Chombo kile kilizaliwa kupima magunia.

Mtu mwingine angekwenda dukani akanunua mizani ndogo, basi. Lakini zawadi ya mkwe hairudishwi, na kuweka mizani nyingine kando yake ni sawa na kumwambia mama kwamba alicholeta hakifai. Shigela alizunguka karakana akipiga mbao kwa kucha, kama afanyavyo akiwaza. Hatimaye akapata jawabu, na lilimfurahisha sana. Kama mizani haioni gundi kidogo, itaona gundi nyingi. Mistari mitano ya gundi, mistari miwili ya kigumishi. Hesabu ni ile ile ya kumi kwa nne. Alikwenda mjini, akarudi na makopo makubwa, akapima kwa uangalifu mkubwa na kukoroga vyote kwenye ndoo.

Kwanza ndoo ilipata uvuguvugu. Shigela akachukulia kuwa ni dalili njema. Kisha ikawa ya moto, na alipokuwa bado anaupaka mgongo wa daraja, moshi mweupe ukaanza kupanda. Gundi ya aina ile ikikaa kwa wingi mahali pamoja hujichemsha yenyewe, jambo ambalo kifuniko cha soda hakikuwahi kumfundisha. Mafundi wa kuchomelea wa jirani walikuja mbio na madumu ya maji. Walipofika, mchanganyiko ulikuwa jiwe, na mwiko umesimama katikati yake kama mlingoti wa bendera ya shule.

"Shigela, hii ni supu gani?" mmoja aliuliza. Mwingine akashauri gitaa lijengwe kuuzunguka mwiko, kwa kuwa pale ulipo hautabanduka kamwe.

Habari zilifika mwaloni kabla ya dagaa wa siku ile kukauka. Mama Justa alikuja, akaizunguka ndoo, akaigonga kwa kidole.

"Muulize mume wako," alimwambia Justa, "gitaa moja linakula gundi kiasi gani?"

"Mwambie mama, kijiko kimoja cha chai," alisema Shigela.

Kisha Mama Justa akafanya kitu ambacho hakuwahi kufanya tangu siku ya harusi: akamgeukia Shigela mwenyewe, akamwita kwa jina la mjukuu.

"Baba Suzana, kijiko cha chai unakipimia kwenye mizani ya magunia?"

Shigela alihisi masikio yanawaka. "Ulikuwa umeleta zawadi, mama."

"Nimeambiwa unataka mizani ya magitaa, nikajua unapima magitaa. Kwa nini hukumwambia Justa aniambie? Si ndiyo kazi tuliyompa?"

Justa alicheka mpaka akakaa juu ya mbao. Mama akafuatia, na mwishowe Shigela mwenyewe, akiwa bado anaangalia chini. Mizani ikateremshwa ili irudi kwa dagaa wake.

Walikwenda mjini wote watatu, Shigela akitangulia hatua kadhaa mbele. Muuza mizani, kijana aitwaye Rahim, aliwatolea kwanza ile wanayotumia wanunuzi wa dhahabu. Ilipima kwa usahihi wa ajabu, lakini sahani yake ilitoshana na biskuti, na kikopo kitupu tu kiliizidi nguvu. Ndipo akaleta mbili za waoka keki. Mama Justa alivuta kiti. Aliweka sabuni katikati ya sahani, akaisogeza pembeni, akaiondoa, akarudia. Mizani ya kwanza, baada ya kuondolewa kila kitu, iliendelea kudai kuna gramu tatu.

"Hii inasema uongo hata ikiwa tupu," alisema, akairudisha. Ya pili ilikuwa ya waridi, na picha ya keki ya ghorofa mbili. Kila mara ilirudi kwenye sifuri.

"Fundi unaoka keki za harusi au za birthday?" Rahim aliuliza.

"Za nyuzi sita," alisema Shigela, akaibeba.

Safari hii alichanganya gramu kumi na nne tu ndani ya kikopo. Alikwangua gundi ya zamani, akapiga msasa, akalibana daraja kwa klampu, akajizuia kuligusa hadi siku ya pili. Nathaniel alipokuja alikaza nyuzi zote, akazipiga kwa nguvu zaidi ya inavyohitajika kanisani. Daraja halikutikisika.

Siku ya tamasha Shigela alikaa safu ya nyuma, mbali na mama mkwe kama inavyopasa, macho yake kwenye kile kibao. Kwaya ya Kisesa iliimba, watu wakasimama, vigelegele vikapigwa. Baadaye mpiga gitaa wa kwaya nyingine alimfuata, akaomba kutengenezewa la kwake.

Njiani kurudi, Justa alimuuliza wimbo upi ulimgusa zaidi. Shigela alijaribu kukumbuka hata mmoja, akaliona daraja tu.