Kisu Nilichokijaribu kwa Jiwe

Siku moja ya soko la Nyamarambe naikumbuka mpaka leo, mwanangu, hata matope yaliyoganda kwenye vidole vya miguu yangu nayakumbuka. Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Nilikuwa msichana ambaye hajaolewa. Nilisoma mpaka darasa la tatu nikaambiwa imetosha, na kazi yangu kule kwetu Tabaka ikawa kusugua mawe. Wanaume walichonga. Sisi wanawake tulikaa na karai la maji tukisugua vinyago mpaka viteleze kama shavu la mtoto. Tulikuwa sita: Bosibori, Kemunto, Nyaboke wawili, Moraa, na mimi Kerubo. Nimebaki peke yangu sasa, ndiyo maana nawataja, nisipowataja mimi atawataja nani.

Ndugu yangu Ondieki alikuwa mmoja wa wachongaji wale. Wenzake wakichonga ndege walitoboa shimo wakasema hilo ni jicho. Ndege wa Ondieki alikuwa na jicho lenye ukope, na ukimtazama unaona naye anakutazama. Kazi hiyo ya macho aliifanya kwa kisu kidogo cha kukunja, cha kutia mfukoni, ambacho kilinolewa miaka mingi mpaka kikawa chembamba kama sindano. Kikavunjika. Asubuhi hiyo nikifunga ndizi zangu za kuuza akanijia.

"Kerubo, niletee kisu huko sokoni. Sitaki cha bei kubwa. Nataka tu kiwe kisu."

Sokoro Makori, babu yetu mzaa baba, alikuwa ameketi mlangoni akiota jua. Alikuwa mhunzi zamani, enzi watu walipopeleka chuma kwake badala ya kununua jembe dukani. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia giza lakini vidole vyake vilikuwa bado vinaona. Akaniita.

"Usiangalie kinavyong'aa," akasema. "Kikunjue polepole usikilize. Kikifika mwisho kiseme ta, kisha kisimame. Hapo ukishike mpini, usukume chuma kulia na kushoto. Kikicheza, msumari unaokishika umelegea, kiache. Halafu sukuma mgongo wake kama unayetaka kukifunga. Kisu kizuri kitakukatalia kwanza. Kikikubali upesi, siku moja kitakubali juu ya mkono wa mtu."

Nikasema ndiyo, sokoro. Lakini, mwanangu, masikio yalikuwa kwake na miguu ilikuwa tayari barabarani.

Nyamarambe kulikuwa na mchuuzi aitwaye Ongaki. Alitandaza gunia chini akapanga vioo, nyembe, vitana na visu. Mtu wa maneno huyo. Aliponiona tu akaanza.

"Dada wa Tabaka, leo umekuja kununua au umekuja kunichukua mimi?"

"Nimekuja kununua. Wewe hata ukitolewa bure na kuku juu, sikutaki."

Wanawake waliouza mahindi hapo kando wakacheka, na mimi nikajiona mtu. Ongaki akanipa kisu chenye mpini mwekundu, chuma chake kinang'aa hata niliona meno yangu ndani yake. Sasa sisi watu wa Tabaka tulikuwa na tabia yetu. Panga, patasi, hata msumari, kila kitu chenye makali tulikijaribu kwa jiwe letu. Hata sokoni ulienda na kipande kwenye kikapu. Nikatoa changu nikakata. Kisu kikaingia kama kinakata ugali. Watu wakasema, eeh, hicho ni kisu.

Usifikiri nilisahau maneno ya mzee. Yalinijia pale pale. Lakini niliona aibu kusimama mbele ya watu nimekiweka kisu sikioni kama mtu anayetikisa yai. Nikalipa nikaondoka.

Ondieki alifurahi kama mtoto. Akakizungusha kwa wachongaji wote, na kila mmoja akakata jiwe, na kila mmoja akasifu. Jioni alipokwenda mtoni kuoga, sokoro akaniomba nimletee. Akakikunjua karibu na sikio. Hakikusema kitu.

"Ulikijaribu kwa nini?"

"Kwa jiwe, sokoro."

Akainama akaokota kibanzi cha jiwe chini, akakikwaruza kwa ukucha wa kidole gumba. Unga mweupe ukamwagika kwenye goti lake.

"Na ukucha wangu nao ni kisu?"

Akanishika kidole changu kimoja akakiweka kwenye mgongo wa kile kisu, akasema sukuma. Nikasukuma kidogo tu, kikajikunja kama shingo ya mtu anayesinzia.

"Makali si mabaya," akasema. "Kinachoyashika ndicho kibaya. Soko lijalo ukirudishe. Na kabla ya hapo mwambie ndugu yako asikisukume kwa ncha mahali pagumu. Wewe ndiye uliyekichagua, wewe ndiye utakayemwambia."

Nilikusudia kumwambia wakati wa chakula. Lakini Ondieki alikaa akamwambia mama yetu, hakuna mchongaji Tabaka mwenye kisu kama changu, na Kerubo ndiye aliyejua kuchagua. Mama akanitazama kwa macho mazuri. Mwanangu, msichana aliyetolewa shule hasifiwi mara nyingi. Nikameza ugali wangu pamoja na lile neno. Nitamwambia kesho. Kesho ilikuwa Ijumaa, tunafua na kupika kwa ajili ya Sabato. Siku ya Sabato nikajiambia mambo ya kazi hayazungumzwi, kana kwamba Mungu ndiye aliyenifunga mdomo.

Jumapili Ondieki alikuwa na kinyago cha korongo magotini. Mimi nilikuwa na karai langu, hatua chache kutoka kwake. Jiwe letu ni laini, lakini mara nyingine lina mshipa mgumu ndani, na huwezi kuuona mpaka uufikie. Aliufikia kwenye jicho. Nilimwona anainama, anaweka ncha, anaegemeza bega. Nikafungua mdomo nimwite. Sikusikia mlio wowote. Kisu kile hakikusema kitu hata siku hiyo. Nilichoona ni ndugu yangu anakuja anatumbukiza mkono kwenye maji yangu, na maji yanabadilika rangi.

Hospitalini walishona ngozi ikapona. Lakini kano za vidole viwili vya mkono wa kulia zilikuwa zimekatika, na vidole vile havikujikunja tena mpaka alipokufa.

Ondieki aliporudi nyumbani aliniuliza, sokoro akiwa ameketi pale pale mlangoni. "Kerubo, hakuna aliyeona kama kile kisu kina kasoro?"

Nikasema, "Hakuna."

Sokoro akageuza uso wake polepole kuelekea sauti yangu. Macho yale hayakuniona vizuri, lakini yalibaki pale. Hakusema neno. Hakusema siku ile wala siku nyingine, na kabla ya mtama kuvunwa tukamzika. Nimechapwa na mama, nimechapwa na mwalimu Nyangau, nimesemwa na mama mkwe. Hakuna aliyenikemea kama mzee yule kwa kunyamaza kwake.

Ondieki alijaribu mkono wa kushoto. Ndege wakatoka vipofu. Mwisho akaja akakaa na sisi wanawake kusugua. Wanaume walimtania mwanzoni. "Ondieki, leso utaanza kuvaa lini?" Naye akawajibu, "Nikipata yenye maua mazuri." Walicheka, baadaye wakaona haya wakaacha. Miaka zaidi ya kumi tulikaa kwenye karai moja, mimi na yeye, hata baada ya mimi kuolewa hapo karibu. Alisugua mabawa, alisugua miguu, na akifika kwenye jicho la ndege aliyechongwa na mtu mwingine alinipa mimi nimalizie. Hakuniambia kwa nini. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia kila siku ya Mungu, na kila siku niliona leo si nzuri. Kisha homa ikamchukua. Kaburini nikaambiwa niseme neno, nikasema alikuwa mpole.

Kisu ninacho, kwenye mkebe wa vifungo. Ukija kwangu nitakuonyesha. Bado kinang'aa.

Kwa hiyo mwanangu, nisikilize. Siku ukinunua kisu cha kukunja, hata kile cha bei ndogo kabisa, kwani cha bei ndogo si lazima kiwe kibovu, usikijaribu kwa kitu laini ulichozoea. Kata kijiti kikavu. Kiweke sikioni hata watu wakicheka. Sukuma ubavu wake, sukuma mgongo wake, kione kikikukatalia. Kifunge utazame kama chuma kinakaa katikati ya mpini au kimeegemea upande mmoja. Makali utayanoa mwenyewe nyumbani. Msumari uliolegea huwezi kuunoa.

Na ukishajua kwamba kitu ulichompa mwenzako ni kibovu, mwambie siku hiyo hiyo, chakula kikiwa mdomoni, hata kama anakusifu, hata kama ni Sabato. Aibu ya kusema ingekuwa ya jioni moja. Mimi hii nimeibeba mpaka nimekuwa bibi kizee, na wewe ndiye wa kwanza kuisikia.

Mungu akuhifadhie vidole vyako vyote kumi, vijikunje na vikunjuke mpaka uzee. Akupe watu wa kukuambia ukweli mapema, na akupe mdomo wa kuwaambia wao. Nenda salama, mwanangu.