Ala Isiyo na Upanga

Wiki nzima swali moja lilininyima usingizi: nikimwambia ukweli mzee aliyekuwa jirani yetu, si nitakuwa nimemchongea bibi yangu, ambaye hayupo tena kujitetea? Unanijua nilivyo. Nimemaliza chuo, lakini kuamua jambo dogo hunichukua siku tatu. Yote yalianza tulipohama mtaa wetu wa Lozells, huku ugenini, nikaikuta ala nyuma ya kabati la mama: ngozi nyeusi iliyokauka, yenye ncha ya shaba.

Upanga wake ulikuwa wa jirani yetu, mzee Mwingereza. Baba yake alipiga tarumbeta katika bendi ya jeshi, na enzi hizo wanamuziki wa jeshi walivaa upanga mfupi kiunoni siku za gwaride. "Huu haujawahi kukata kitu ila keki," mzee aliniambia akicheka. Jumamosi asubuhi, bibi akitwanga sombe, majani ya muhogo, kwetu, mimi nilikuwa jikoni kwa mzee nikisugua mpini wa shaba mpaka vidole vinanuka dawa ya kung'arishia, naye akinimiminia chai ya maziwa. "Hapo umeacha doa, bosi," alizoea kusema, hata pasipo na doa.

Nilipokuwa na miaka kumi, vidole vyake vilianza kukakamaa, akaniruhusu niende nao nyumbani nikausugue huko. Nilijiona mtu mzima. Nikauchomoa, nikaketi sakafuni. Bibi, aliyekimbia vita kwao, akaingia.

"Tulikimbia bisu kule, na wewe unaniletea ingine huku?"

"Ni ya muziki, bibi."

"Muziki gani iko na makali?"

Hakupiga kelele. Aliufunga kwa taulo, akaupeleka mwenyewe kwenye sanduku la chuma lililowekwa mtaani ili watu wasalimishe visu, karibu na kanisa letu. Kitu kikishatumbukia humo hakitoki. Ala niliiwahi, nikaificha.

Mzee alipouliza, nilijibu haraka: "Si nilikurudishia jana? Ukaniambia niuweke juu ya kabati."

Alinitazama, kisha akajigonga paji la uso. "Kweli. Uzee huu!"

Tangu hapo nilimwona dirishani akifungua droo, akizifunga, akizifungua tena. Baadaye akaanza kujiandikia vikaratasi: gesi nimezima, mlango nimefunga. Hakuiamini tena akili yake, na mimi ndiye niliyemfikisha hapo.

Sasa nyumba yake ina wapangaji wengine. Bibi tumemzika. Harufu ile ya dawa ya shaba sijaikuta tena popote, na zile Jumamosi za chai nilizikatisha mwenyewe, kwa sababu nilishindwa kumtazama usoni.

Nilijua amehamia kwa binti yake, mtaa wa Kings Heath. Niliandika barua nne, nikazichana zote. Jumamosi iliyopita nikapanda basi, ala ikiwa begini. Alinifungulia mwenyewe, taratibu, akanitambua, akaanza kuhangaikia chai. Niliogopa kwamba nikikaa nitaghairi, nikasema papo hapo mlangoni:

"Upanga wa baba yako sikuurudisha. Bibi yangu aliutupa kwa hofu, nami nikakudanganya. Hukusahau chochote."