Mama Alipovuka Malaba

Mama yangu anaishi Kamukuywa, na dada yake aliolewa Mbale, upande wa Uganda. Kwa miaka mingi Mama alimtembelea kwa njia za panya, akivuka mto wa mpakani kwa miguu, viatu mkononi. Mwaka jana mama mkubwa alipopooza, magoti ya Mama hayakuuweza mto tena. Nilitoka Kitale, ninakofundisha, nikampeleka kupitia kituo cha mpakani cha Malaba.

“Ati kitambulisho tu?” aliniuliza. “Si watataka barua?”

Akabeba barua ya chifu, kadi ya ubatizo na picha ya arusi ya dada yake.

Mpakani, maofisa wa nchi zote mbili walikaa chumba kimoja. Yule wa Uganda alimsalimu kwa Kimasaba, lugha ya Mbale. Mama akamjibu kwa Kibukusu chetu, wakaelewana, maana lugha hizo zinakaribiana. Ofisa akamuuliza anaenda wapi. Mama akatoa picha.

“Kwa huyu dada yangu. Nilikuwa napitia mtoni, mwanangu. Usinifunge.”

Ofisa alicheka, akampa karatasi ya kuvukia. “Njia ni hii sasa, mama.”

Nilidhani Mama angefurahi. Tulipotoka nje, alikuwa amekasirika.

“Mama yetu alizikwa dada yangu akiwa huko, akiogopa askari,” alisema. “Kumbe ilitakiwa tu hawa maofisa wawili wakae pamoja?”

Mbale tulimkuta mama mkubwa kitandani. Hakuweza kusema, ila alimshika Mama mkono, hakuuachilia.

Mimi nilirudi kazini kesho yake. Mama alikaa wiki tatu, kisha akavuka Malaba kurudi peke yake.