Pumba za Mahindi Yangu

Uvumilivu wangu uliishia nyuma ya choo cha shule, hapa Mikumi, saa ya mapumziko. Nilikuwa nimemfuata binti yangu wa darasa la awali, nikaambiwa yuko chooni, nikaenda kumsubiri nje ya mlango wa bati. Alikuwa anaimba ule wimbo wao wa kuhesabu vidole. Akaimba, akanyamaza. Akajikamua. Akaanza tena, sauti ikakatika katikati. Kisha akaniita kwa sauti ndogo, "Mama, inauma." Niliingia nikamtawaza, na maji yaliyodondoka yalikuwa mekundu.

Nikatoka naye nimemshika mkono. Ng'ambo ya uzio wa michongoma ndiko kwenye nyumba ya mwalimu mkuu, na kwenye banda lake ng'ombe wa maziwa alikuwa ameingiza kichwa ndani ya gunia, anakula pumba. Gunia lilikuwa langu. Nalijua kwa mshono wa uzi wa bluu niliopitisha kwenye kona, kama bibi yangu alivyonifundisha, ili likipotea mashineni nilitambue. Nililipeleka shuleni likiwa na mahindi, mchango wa uji wa watoto. Sasa yule ng'ombe, mbele ya macho yangu, akainua mkia, akaachia kinyesi laini, kizuri, bila kujikamua hata kidogo, akaendelea kula.

Nikapasuka.

"Mwalimu! Ng'ombe wako anapata choo, mwanangu hapati! Njoo unieleze!"

Watoto wakacheka uwanja mzima. Mwalimu mkuu akatoka ofisini amekunja uso. "Mama, punguza sauti. Hapa ni shule, siyo sokoni."

"Kama siyo sokoni, pumba zangu zimefikaje kwako?"

"Pumba ni za mashine, mama. Aliyenipa ni mwenye mashine. Pote ndivyo ilivyo."

Pumba ni za mashine, pote ndivyo ilivyo. Mwenzangu, maneno hayohayo niliwahi kuyasikia nikiwa mtoto, Kilosa, nimeshika pindo la kanga ya bibi. Nilisimama pale nikanyamaza ghafla, mwalimu akadhani amenishinda. Hakujua nimeshafika Mabwerebwere, kulekule Kilosa kwa bibi.

Nyumba ya bibi ilikuwa na uwanja mpana uliofagiliwa kila asubuhi mpaka ukabaki na michirizi ya ufagio. Kuanzia jikoni mpaka chooni kulikuwa na kijia kilichopita kati ya mipapai, na kwa mbali ulisikia treni ikilia inapoingia stesheni. Kazi yetu watoto ilikuwa kuchuma mboga. Tulichuma mlenda, tulichuma msusa, yale majani ya maboga, tukakaa barazani tukimenya nyuzi zake mpaka vidole vikawa vyeusi. Bibi alizipika kwa chumvi na nyanya, siku nzuri akatia karanga. Ugali wake ulikuwa wa dona, mahindi yamesagwa pamoja na ganda lake, rangi ya mchanga, ukiutafuna unausikia. Asubuhi uji wa dona wenye ukwaju, mchana makande, na papai lilikuwa halina mwenyewe, unaangua unakula. Tulikwenda chooni mbio na kurudi mbio. Hakuna mtoto aliyefikiria kwamba kupata choo ni jambo la kumshukuru Mungu.

Sitaki nikudanganye kwamba bibi alikuwa mtaalamu wa lishe. Bibi alikuwa bahili. Ilipofika ile miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, maduka yalijaa sabuni za rangi, biskuti na mafuta ya kula kwenye chupa zinazoonyesha ndani. Sisi tulikuwa tumetoka kwenye foleni za unga wa njano, hivyo kila kilichong'aa tulikiona ni cha peponi. Na hapo ndipo mtu mmoja akaleta mashine ya kukoboa. Mahindi yanavuliwa ganda na kiini chake, ndipo yanasagwa. Unga unatoka mweupe kama sanda, ndio sembe. Watu walitoka Tindiga na magunia yao kuja kuufuata huo weupe. Kwa kawaida ya pale, ukishakoboa unabeba unga wako, pumba unaziacha mashineni, na mwenye mashine alikuwa na ng'ombe.

Bibi alifika mara moja, akaona lile rundo la pumba, akashika kiuno.

"Nimelima mimi, nimepalilia mimi, nguruwe mwitu nimefukuza mimi. Ganda langu ubaki nalo wewe?"

"Shikamoo bibi. Pumba ni za mashine, bibi yangu. Pote ndivyo ilivyo."

"Marahaba. Basi usikoboe. Saga na ganda lake, na unga unaobaki kwenye mdomo wa mashine ukung'ute, nausubiri."

Watu walicheka mpaka wakaegemea ukuta. Bibi hakujali. Kwa ubahili wake sisi tukaendelea kula dona, na watoto wa jirani wakatuita wala pumba. Niliumia sana. Nilitamani kile cheupe kama ulivyotamani wewe viatu vya sikukuu.

Babu ndiye aliyekipata. Babu alikuwa mstaafu wa reli, mtu wa suruali yenye mstari na viatu vinavyong'aa, na hakutaka masihara na heshima yake. "Dona ni chakula cha jela," alisema. "Mimi sijafungwa." Bibi akabishana naye msimu mzima, mwisho akasalimu amri, jikoni pakawa na sufuria mbili. Ya kwetu, na ndogo ya babu. Babu alikula peke yake barazani: ugali mweupe, nyama au samaki, na chai ya sukari nyingi. Mlenda aliusogeza pembeni kwa kidole. Mboga ya watoto hiyo. Mapapai nayo aliyaita chakula cha wagonjwa. Akimaliza, sisi tulipigania ukoko wa sufuria yake.

Zamani, kabla ya sufuria ya pili, babu alikuwa anajamba hadharani bila aibu na kutangaza, "Treni ya mizigo imeondoka!" Tulianguka kwa kicheko, bibi anamtupia ufagio. Sikumbuki ni lini treni ile iliacha kupita. Ndivyo mambo haya yalivyo, yanaondoka bila kuaga. Nakumbuka redio tu. Babu alikuwa na kawaida ya kwenda chooni na redio yake ndogo. Mwanzoni ilikuwa inalia wakati wa salamu za wasikilizaji, anatoka kabla hazijakwisha. Baadaye ikawa salamu zote na taarifa ya habari. Baadaye ikawa habari, matangazo ya vifo, na kipindi cha wakulima, sisi uwanjani tunacheza rede tukisikia kwa mbali bei za pamba kutoka chooni. Tuliona kichekesho. Mjomba mmoja akasema, "Mzee kahamia ofisini." Babu alitoka amejishika ukuta, jasho linamtoka, akapita kati yetu bila kumtazama mtu.

Kisha bibi akaanza kufua suruali zake peke yake, nyuma ya nyumba, kwenye beseni ambalo hatukuruhusiwa kuligusa. Nilichungulia siku moja nikaona maji.

"Bibi, babu kaumia?"

"Nyamaza. Hayo ni mambo ya watu wazima."

Nilinyamaza. Nyumba nzima ilinyamaza. Babu alikonda shingo, kola ya shati ikawa inamzunguka kama ya mtu mwingine, na bado sufuria ndogo iliinjikwa kila siku, nyeupe, laini, na bado tuligombea ukoko. Mpaka alipoanguka pale kwenye kijia cha mipapai, redio ikabiringika ikiendelea kuongea.

Hospitalini muuguzi alikuwa binti mdogo, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo babu."

"Marahaba."

"Damu hii imeanza lini, babu?"

"Jana."

Bibi alikuwa amesimama kando ya kitanda, ameshika viatu vya babu kifuani. Mikono yake ilikuwa imechubuka kwa sabuni ya kufua ile "jana". Hakusema neno. Angemwaibishaje mume wake mbele ya mtoto wa kike? Walimkuta na uvimbe kwenye utumbo, umeshakuwa mkubwa. Daktari hakusema sembe ndiyo iliyouleta, nami sisemi, maana sijasomea udaktari. Alichosema ni kwamba mtu anayeteseka chooni hivyo na kuona damu alipaswa kuletwa mapema sana. Kwenye matanga yake, mwenye mashine alitoa unga. Waombolezaji wakala wakausifia jinsi ulivyo mweupe.

Basi ndiyo unielewe. Mwanangu alipoanza kukaa muda mrefu chooni mimi sikucheka. Alikuwa anajamba kwa maumivu, tumbo limemjaa kama ngoma, mara tatu kwa juma akirudi shule anakataa kula. Nilimpeleka zahanati. Mganga akamwangalia, akasema choo kigumu kimemchana, bado ni jambo la kutibika kwa chakula kuliko dawa. Ale mboga za majani na matunda, maharage, anywe maji, ugali wake uwe wa dona, na akibanwa aende, asijizuie. Nikarudi nyumbani nikaanza. Sokoni pale barabarani, kwenye malori ya Iringa, mapapai hayaadimiki. Mlenda ninao uani. Siku za likizo mtoto akawa mzima, anakwenda mbio anarudi mbio, nikalia kwa furaha kama mwehu.

Shule ikifunguliwa, tunarudi kulekule. Asubuhi uji wa unga mweupe na sukari. Mchana ugali mweupe na mchuzi ambao maharage yake unayatafuta. Na akiomba kutoka darasani wakati wa kipindi, hairuhusiwi, chooni ni mapumziko tu, anayetoka anafagia darasa. Nilikwenda kwenye kikao cha wazazi nikaomba kwa adabu mahindi yetu yasagwe dona. Mwalimu mkuu alitabasamu.

"Dona? Wazazi watasema tunawalisha watoto wao chakula cha jela."

Wazazi wenzangu wakacheka. Baba mmoja akaniambia, "Mama, wewe umesoma sekondari, halafu unataka kuturudisha nyuma?" Nikakaa. Nilikaa kimya tangu siku hiyo mpaka siku ya ng'ombe.

Hivi karibuni nilipita Kilosa. Mabwerebwere ipo, ila kwenye uwanja wa bibi pamejengwa fremu za maduka. Bibi naye ametangulia. Mashine ya kukoboa imehama, siku hizi watu wananunua unga wa pakiti wenye picha ya mama anayecheka. Mipapai ilikatwa. Nilisimama njiani nikatafuta mlio wa mchi, sikuusikia. Mtoto mmoja alikuwa ameketi kwenye ngazi za duka na soda na biskuti, tumbo limetangulia mbele, nikamuuliza mlenda unachumwa wapi siku hizi, akaniuliza mlenda ni nini. Sembe imeshinda, mwenzangu. Na ile tabia ya kunyamazia habari za chooni nayo imebaki palepale, haikubomolewa na fremu za duka.

Kwa hiyo siku ile nilimwacha mwalimu mkuu amesimama uwanjani, nikampeleka mwanangu zahanati, kisha nikaenda moja kwa moja ofisi ya kijiji, gunia langu begani. Ndiyo, nililichukua. Ng'ombe alilalamika.

Mtendaji alisikiliza, akajikaza, akashindwa, akacheka. "Sasa dada, unataka kumshtaki ng'ombe?"

"Ng'ombe hana kosa. Nipe kalamu."

Nikaandika palepale mezani kwake, akagonga mhuri wa kupokea, nakala ninayo. Inasema hivi:

*Kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji.*

*YAH: MALALAMIKO KUHUSU UJI WA DARASA LA AWALI NA PUMBA ZA MAHINDI YETU*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu.*

*Mimi ni mzazi wa mtoto wa darasa la awali. Nalalamika kwamba mahindi tunayochangia kwa ajili ya watoto yanakobolewa, watoto wanabaki na kile cheupe, na pumba zinalishwa ng'ombe wa mwalimu mkuu bila sisi wazazi kuulizwa. Nimezikuta kwenye gunia langu, nimelileta kama ushahidi.*

*Naomba mahindi ya watoto yasagwe dona. Naomba mboga za majani zipikwe kila siku, shule ina eneo la bustani na wazazi tuna mikono. Naomba mtoto akibanwa aruhusiwe kutoka, asipewe adhabu ya kufagia. Naomba kikao cha wazazi kiitishwe na jambo hili lizungumzwe kwa majina yake, choo kiitwe choo na damu iitwe damu, na asiyependa kusikia atoke nje.*

*Mganga amesema mwanangu atapona kama atakula vizuri. Nyumbani anakula vizuri. Sitakubali arudishwe nyuma shuleni.*

*Mwisho, naomba iandikwe katika kumbukumbu za ofisi kwamba damu nimeiona mimi, mama yake, na nimeisema leo. Asije mtu siku moja akaulizwa imeanza lini, akajibu jana.*