Tani Bila Utani

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu. Tangu aliposhika usukani wa lori lake la kwanza, watu walimwita Tani Saba, na hata mkewe akikasirika alitumia jina hilo hilo, ila alilivuta kidogo: "Taniii Saba!" Enzi hizo lori liliitwa kwa mzigo linaobeba. Ukisema "tani saba," hakuna aliyeuliza saba za nini. Ni saba za viazi, za mahindi, za mbolea. Chuma cha lori lenyewe hakikuhesabiwa, kama mwenye nyumba asivyojihesabu anapotaja idadi ya wageni.

Uzito nao ulipimwa kwa macho. Dereva alichuchumaa nyuma ya lori, akatazama springi zilivyokaa, akapiga tairi teke na kusikiliza linavyojibu. Springi zikinyooka, mzigo umetosha. Zikianza kupinda kinyume, shusha magunia mawili. Hiyo ndiyo ilikuwa shule, na walioisoma walifika salama na kuzeeka. Leo ukichuchumaa nyuma ya lori watu wanadhani umeangusha funguo.

Msimu uliopita Tani Saba alichuchumaa kama kawaida, akaridhika, akaondoka. Mizani mpya ya barabara kuu ikamkataa. Akaamriwa kushusha nusu ya mzigo hapo hapo kando ya lami. Vilikuwa viazi vya mjane, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, na jua la siku ile halikuwa na haya. Aliporudi na gari la kuazima, magunia ya juu yalikuwa yamelegea kwa joto, na mengine yalishapata wenyewe wapya.

Mjane hakugomba. Afadhali angegomba. Alipokea viazi vilivyobaki, akavichambua kimya mlangoni pake, na Tani Saba akasikia kila kibovu kilivyoangukia kwenye ndoo.

Kikao cha wakulima kilipokaa, wengi walitaka waite kampuni ya mjini, ile yenye malori yanayong'aa na madereva wasiojua hata jina la aliyepanda wanachobeba. Mjane ndiye aliyesimama.

"Mpeni msimu mmoja," alisema. "Alete lori na tela vinavyokubalika na mizani. Akishindwa, simu ya kwanza kwenda mjini nitapiga mimi."

Kwa hiyo lori alilotakiwa kulichagua lilikuwa na mzigo kabla hata hajaliona: lilibeba neno la yule mama.

Lori la zamani aliliuza. Mnunuzi hakuliwasha hata kusikia mlio wake. Alitaka chuma tu.

Siku ya kwenda kuchagua walikwenda watatu: Tani Saba, mkewe na kikapu chake, na shemeji, kaka wa mkewe, mtu mwenye tumbo la kuheshimika na ulimi usioheshimu chochote. Uwanja wa malori ulikuwa nyuma ya ghala la saruji, vumbi jeupe hadi kwenye kope. Muuzaji alikuwa mtu mzima mwenye kijiti mdomoni, na kijiti hicho hakukitoa hata kwa kusalimia.

Tani Saba alilipenda jekundu mara moja. Pua ndefu, usukani mpana, na nyuma yake tela limeshafungwa tayari, rangi moja na lori, kama ndugu waliovalishwa sare. Kwenye fremu ya mlango kulikuwa na kibao kidogo cha bati. Alikifuta kwa kidole, akasoma.

"Kumi na nane!" alisema. "Tani kumi na nane!"

"Shemeji, umepanda cheo," kaka wa mke alisema. "Kutoka Tani Saba hadi Tani Kumi na Nane. Sasa nani atakuwa na pumzi ya kukuita kutoka mbali?"

"Na tela juu yake," alidakia muuzaji. "Hapo mzee unahamisha shamba zima na udongo wake."

Mkewe alikuwa amekaa juu ya tairi kuukuu, kikapu mapajani. "Hiyo kumi na nane, na lenyewe limo?" aliuliza.

"Limo wapi?"

"Ndani ya hesabu. Unakumbuka kliniki, nilipokuwa nabeba mtoto aliyekataa kuachwa kwenye mizani peke yake? Nilipanda naye mgongoni. Mizani haikusema huyu mama, huyu mtoto. Ilitusema wote kwa mpigo. Ikabidi nishuke nipimwe peke yangu, ndipo watoe uzito wangu kwenye jumla."

"Dada," shemeji alisema, "wewe ulikuwa mzito kuliko hili lori."

"Na wewe unafuata nyuma kama tela. Nyamaza."

Tani Saba alicheka nao, kisha akakisoma tena kile kibao. Maisha yake yote tani ilikuwa ya mzigo. Neno lile lile, herufi zile zile, kumbe walishalihamishia maana nyingine bila hata kumuaga. Akamwambia muuzaji anataka kulipitisha kwenye mizani likiwa tupu. Kijiti kilihama upande mmoja wa mdomo kwenda wa pili, lakini muuzaji alikubali. Mizani haikuwa mbali.

Mpimaji alikuwa ndani ya kibanda chenye kidirisha kidogo. Alitoa kichwa nje kama kuku bandani.

"Mmebeba nini?"

"Sisi watatu na kikapu cha mke wangu," alijibu Tani Saba.

"Lori peke yake, bila tela, ni tani nane na ushee."

"Kwa hiyo juu ya hizo nane naongeza kumi na nane."

Mpimaji alimtazama kwa huruma kidogo. "Unaongeza kumi, mzee, na hiyo kumi haijatimia. Kumi na nane ni jumla: chuma, dizeli, wewe, shemeji yako, kikapu. Vyote."

"Basi mimi nishuke," shemeji alisema. "Mwenzangu kikapu naye ashuke."

"Mkishavuta tela," mpimaji aliendelea bila kucheka, "soma namba ya pili kwenye kibao. Hiyo ni ya lori na tela vikiwa pamoja. Na humo mtatoa uzito wa chuma cha lori na cha tela. Halafu hilo tela lenu lina ekseli moja, mhimili mmoja tu wa magurudumu, na halina breki zake lenyewe. Hilo ni la kubebea majani makavu. Ukilijaza viazi, ukikanyaga breki kwenye mteremko, lori litasimama na tela halitasikia."

Tani Saba aliufikiria mteremko wa kutoka mashambani, na kona yake ya chini, ambapo watoto wa shule huvuka. Alirudisha lile jekundu taratibu, akalizima, akakaa kidogo na usukani ule mpana kabla ya kushuka.

Walichotoka nacho siku ile kilikuwa lori la kijivu, pua fupi, lililokaa kama mtu aliyenuna. Lakini nyuma lilikuwa na ekseli mbili. Tela lake nalo lilikuwa na ekseli mbili na breki za upepo, na Tani Saba alilala chali chini yake huku mkewe akikanyaga breki kebini, akasikia kila gurudumu likibana. Walipima vyote vitupu, wakatoa chuma kwenye jumla. Kilichobaki kilizidi cha lile jekundu kwa mbali.

"Baya kama nini," shemeji alisema.

"Wewe mwenyewe tulikupokea," Tani Saba alimjibu.

Mavuno yalipofika, alianza na shamba la mjane. Wapakiaji walipanga magunia kama alivyowaelekeza, mazito katikati juu ya ekseli, si yote mkiani. Alipofikia hesabu yake aliinua mkono.

"Tosha. Funga turubai."

"Yamebaki kumi na mawili tu!" alisema mpakiaji mmoja. "Springi zimesimama kama askari! Wewe si Tani Saba wewe?"

Watu walicheka. Wakulima wa jirani walikuwa wamekuja kuangalia, na wawili kati yao walikuwa wale waliotaka kampuni. Tani Saba alizitazama springi. Kweli zilikuwa zimesimama. Magoti yake yenyewe yalitaka kuchuchumaa. Katika miaka yake yote hakuwahi kumwachia mtu gunia shambani, kwa sababu zamani dereva aliyeacha gunia alikuwa ameacha heshima.

Akamgeukia mjane. "Mama, haya yatabaki. Nitayarudia."

Mjane aliyatazama magunia kumi na mawili, kisha akatazama wale wakulima wawili. "Yabaki," alisema kwa sauti ya kutosha kusikika na wote, akaketi juu ya mojawapo. "Nitayalinda. Kwani yana miguu?"

Aliteremka mlima kwa gia ndogo, na pale kwenye kona tela lilitulia nyuma yake kama mtoto aliyelala. Kwenye mizani alipanda polepole, ekseli moja baada ya nyingine. Kile kidirisha cha mpimaji kilikuwa kimefungwa kwa bati. Badala yake kulikuwa na mlingoti wenye taa mbili. Kwa mazoea alitoa kichwa nje.

"Habari za kazi!"

Taa ya kijani ikawaka.

Alisubiri kidogo, kama anayesubiri kujibiwa, hadi lori la nyuma likampigia honi. Akaingiza gia. Alikuwa na mzigo halali wa kufikisha sokoni, na shambani kulikuwa na mama amekaa juu ya gunia, akimngoja.