Barua Iliyoandikwa kwa Sauti Yangu

Shangazi alipiga simu saa nne asubuhi, nami niko ofisini Iyunga napanga mafaili. Ni mwalimu mstaafu, anaishi Iringa, na si kawaida yake kunipigia saa za kazi.

"Wewe, mbona unaniomba neno langu la siri la barua pepe?"

Nikacheka. "Mimi, shangazi? Wiki hii sijakuandikia kabisa."

"Umeniandikia sasa hivi. Ngoja nikusomee."

Akasoma: "Kamwene shangazi, mguu unaendeleaje?"

Kicheko kikanikauka. Barua zangu zote kwake naanza hivyo, kwa salamu ya Kihehe. Na mguu ulikuwa unamsumbua kweli. Tuliandikiana habari zake mwezi uliopita. Barua ikaendelea: akaunti yangu inasumbua, anitumie neno lake la siri nimwekee picha za harusi huko kwake. Hata utani wangu kuhusu nyanya za Ilula ulikuwemo.

Mtu nisiyemjua alikuwa amekaa mahali akisoma barua zetu mpaka akajua ninavyoongea.

"Umemjibu?"

"Nimjibu nini? Si ulinifundisha mwenyewe, anayeomba neno la siri apigiwe simu kwanza?"

Kweli nilimfundisha. Hata ofisini, kila mfanyakazi mgeni aliletwa kwangu nimwonyeshe barua za kitapeli zinavyotambulika. Ndipo nikakumbuka. Jana yake, nikiwa na haraka, nilipata ujumbe kwamba sanduku langu la barua limejaa, nibonyeze hapa nithibitishe, la sivyo litafungwa. Nikabonyeza. Nikajaza kila kitu, hata neno langu la siri. Anwani ya aliyetuma sikuitazama.

Nilibadilisha neno la siri palepale, nikaanza kuwapigia watu mmoja mmoja. Rafiki yangu wa Chimala, muuza mchele, alikuwa ameshajibu na kutuma neno lake la siri.

"Kwani hukuwa wewe?" aliuliza.

Akaunti yake haikufunguka tena. Barua za wateja, picha za marehemu mama yake, vyote vilipotelea humo. Nilimwomba radhi.

Shangazi alinitumia ile barua. Nimeisoma mara nyingi nikitafuta mahali mwizi alipokosea. Ombi la neno la siri najua ni lake. Hayo mengine yote, mbele ya hakimu ningeapa kwamba niliyaandika mimi.