Fundi Anayegeukia Ukuta

Fundi wa simu wa kichochoro kile cha Taipei ana vidole vyembamba na sauti ya chini, na kila mteja anapoandika namba ya siri, yeye hugeuka akautazama ukuta. Bibi Kuei-lan alimwendea kumtafutia simu mpya binti yake, aliyemkimbia mume. Kila alikohamia, mume alimfikia kwa kuifuatilia simu yake ya zamani. Fundi akalaza simu mbili mezani. "Mifumo inayoendesha simu hizi yote miwili ni ya bure, na yeyote anaweza kusoma ilivyoundwa. Huu una kufuli gumu, ila programu ya benki huenda ikagoma. Ule hausumbui, lakini kufuli lake ni legevu."

"Benki itasubiri. Nipe yenye kufuli gumu."

"Basi weka namba ya siri, Bibi."

"Kwa macho haya? Andika wewe mwanangu, nikutajie."

"Nikiijua mimi, si siri tena." Akageukia ukuta.

Bibi akakosea, akaanza upya. "Bibi, unaandika kitabu?" akauliza mtu kwenye foleni. Chai ya fundi ikapoa. Shingo yake haikugeuka. Bibi, aliyekulia enzi ambazo barua zilifika nyumbani zimeshafunguliwa na serikali, alipomaliza hakumwambia fundi ageuke. Alitaka kuutazama mgongo ule kidogo zaidi.